Namba Thelathini na Moja

Nilikuwa nakamua shuka, mimi nimeshika ncha hii na kitinda mimba wangu ile, mtu wa pikipiki aliposimama mlangoni na kuuliza mwenye kibanda cha nyimbo ni nani. Binti yangu mkubwa akatoka, akatia sahihi, akafungua bahasha, akasoma kidogo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kampuni ya muziki imemshtaki. Watu humletea memori za simu zao naye huwajazia nyimbo kutoka kwenye kompyuta yake. Kampuni inasema nyimbo ni zake na hakuna aliyemruhusu. Afike mahakamani kesho saa tatu, na kompyuta aje nayo. Kabla sijaanika shuka, barua ilikuwa imeshafika kwenye benchi. Benchi hilo limeegemea ukuta wangu kwa sababu kahawa ni yangu, na wanaolikalia ni watatu: Wakili, ambaye kwa miaka kumi na miwili aliuza mafaili nje ya lango la mahakama, Waya, mtengeneza redio, na Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu akianza kusema hana. Barua ilikuwa na kurasa nne zilizobanwa kwa pini. Wote watatu walisoma ule wa kwanza.

— Kesi ya wimbo si kesi ya kuku, akaanza Wakili. Kuku akiibwa, mwenyewe anabaki mikono mitupu. Wimbo ukiibwa, mwenyewe anao na mwizi anao. Hapo jaji anakasirika mara mbili.

— Wamemjuaje? nikauliza, nikiwamiminia.

— Sauti ya chini, shemeji, akasema Waya. Siku hizi kila wimbo umetiwa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Ukiupiga tu, ile sauti inakwenda kuripoti.

— Inakwenda na nini?

— Na hewa.

— Mbwa wanaisikia! akadakia Breki. Ndiyo maana yule mbwa wa jirani habanduki pale kibandani. Yule ni shahidi.

— Mbwa hali kiapo, akasema Wakili.

Binti yangu akasema bila kuinua kichwa:

— Alikuja mtu mwezi uliopita, kavaa viatu vizuri. Akasema nimjazie memori nzima, chochote kile. Hakuchagua hata wimbo mmoja.

— Mchagua jembe si mkulima, akasema Breki kwa huzuni.

— Hiyo inaingiaje hapa? nikamuuliza.

— Hakuchagua. Basi alikuwa mkulima.

Nilirudi kwenye beseni. Shuka hazingojei watu wamalize kubishana.

— Mimi nimesikia wamemshtaki hadi bibi kizee asiye na simu, akasema Wakili.

— Kwa kosa gani?

— Mjukuu.

— Mtaona, akasema Waya. Wakimaliza kompyuta watakuja kwenye vichwa. Wimbo si unaujua mwanzo hadi mwisho? Basi nakala unayo.

— Mimi nakumbuka nusu nusu, akasema Breki.

— Utafungwa nusu.

— Na mluzi je?

— Mluzi hauna maneno. Huo unaonywa tu.

Wangeishia hapo ningecheka, japo nilikuwa nimechoka. Lakini Breki aliweka kikombe chini, akamgeukia mwanangu.

— Binti, mwenda bure si mkaa bure. Kuna lori la rafiki yangu linaondoka jioni hii, saa kumi na mbili. Nenda kwa shangazi yako, ukae mpaka wasahau.

— Hilo ndilo, akasema Wakili. Mshtakiwa asipofika, kesi inajifia. Nimeyaona hayo.

— Uliyaona, nikamuuliza, au uliyauzia mafaili?

— Na kompyuta itumbukizwe chooni, akasema Waya. Sauti ya chini haipiti majini.

Binti yangu aliinuka akaingia ndani. Muda si muda nikasikia zipu ya begi. Ana miaka ishirini na miwili, na amekua akisikia benchi hilo kupitia dirishani kama watoto wengine wanavyosikia redio. Nilimfuata hadi mlangoni na mikono yenye povu. Nguo zilikuwa zimeshakunjwa. Nikamwambia asubiri baba yake. Akasema lori halitasubiri.

Mume wangu ni seremala. Alitokea kwenye karakana saa kumi na moja na nusu, randa kwapani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuuliza maoni ya mtu. Alichukua barua akaisoma kama anavyopima ubao, kidole kwenye mstari, mara mbili. Kisha akafunua ukurasa.

Hakuna aliyekumbuka kuwa barua inafunuliwa.

Ndani mlikuwa na orodha ya kila kilichokutwa kwenye memori ya yule mwenye viatu: nyimbo sitini na mbili. Alishuka nazo polepole, kidole kikasimama.

— Namba thelathini na moja, akasema. ‘Baba Akiranda.’ Huyu ni nani?

Binti yangu alikuwa kizingitini, begi begani.

— Ni wewe, baba. Nilikurekodi kwa simu pale karakana. Anayejaza memori nzima namwekea wewe kama nyongeza.

— Mimi huimba?

— Ukishika randa, ndiyo. Wanapenda.

Akaitazama tena karatasi, akawatazama wale watatu mmoja mmoja.

— Hapa wameandika kwamba zote ni mali yao. Mimi nimekuwa mali yao tangu lini?

Wakili alifungua kinywa, akakiziba kwa kikombe kitupu. Waya akatazama angani. Breki, kwa mara ya kwanza, alifunga breki. Mmoja wao akaomba kahawa. Nikainamisha birika, likatoa machicha.

— Sitini na moja ni zao, nikamwambia mwanangu. Tusidanganyane, ulizijaza na unajua. Lakini hii si yao.

— Moja itasaidia nini, mama?

— Sijui. Ila aliyekosea moja anaweza kuulizwa na zile nyingine. Na hilo huwezi kulisema ukiwa ndani ya lori.

— Nitakwenda naye, akasema baba yake. Wakibisha, nitaimba.

— Basi beba na randa, nikasema.

Lori lilipiga honi pale njia panda, likapiga tena, likaenda zake. Benchi lilikuwa limeshabaki tupu. Kompyuta niliiweka juu ya kabati, nikaifunika kwa shuka, ile moja iliyowahi kukauka. Nikapakua chakula. Huwa nahesabu kabla ya kukaa, tabia ya zamani: mume wangu, mkubwa, kitinda mimba, mimi. Wanne.

— Toa begi lako mlangoni, nikasema, nitajikwaa. Haya, kuleni.