Mapipa Bado Yako Shambani kwa Bi Mwanvita

Wasikilizaji wapendwa, leo mtanisamehe, sauti yangu haina upole. Alhamisi tulimzika Bi Mwanvita Mansuri, mkulima wa Lugolole, huko juu Uluguru. Ndiye yule mama aliyezuia malori ya sumu kwa mkeka.

Miaka minne iliyopita kampuni moja ilileta mapipa ya chuma kutoka bandarini. Mapipa ishirini na sita. Ikayashusha kwenye shamba la maharage la Bi Mwanvita, juu tu ya kijito. Eti ni dawa za kilimo zilizopitwa na muda, hazina madhara. Hazina madhara! Mbona wapakuaji walivaa glavu na kuziba pua?

Siku hiyo Bi Mwanvita alikuwa Gairo kwa bintiye Sabra, aliyekuwa amejifungua. Nyumbani alibaki mumewe, Mzee Yusuph. Watu wa kampuni wakampa karatasi ya ruhusa, akasaini. Wageni wale hawakujua kwamba kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume analima, ila kuigawa hawezi. Mzee Yusuph alijua fika. Aliona haya kusema mbele ya watu wenye tai kwamba shamba si lake.

"Nilijifanya mwenye mali," alituambia msibani, machozi yakimtoka. "Kosa hilo nitakufa nalo."

Bi Mwanvita alirudi akakuta lori la pili linapanda mlima, na jingine nyuma yake. Hakumgombeza mumewe. Alitwaa mkeka, akautandika katikati ya barabara, akaketi.

"Shikamoo mama," dereva akasema, akionyesha ile karatasi. "Mimi nimetumwa tu."

"Marahaba mwanangu. Huyu aliyesaini alikuja hapa na panga na godoro, shamba alilikuta. Kamwambie aliyekutuma aje mwenyewe."

Wanawake wa ukoo wakaja kuketi naye. Siku ya tatu malori yakageuza.

Lakini yale mapipa ishirini na sita yakabaki, wasikilizaji. Kila Jumatatu, kwa miaka minne, Bi Mwanvita aliteremka mjini, ofisini kwa mkubwa mmoja, kuuliza yataondolewa lini. Kila Jumatatu akajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Mchakato gani huo usiofika mlimani? Mapipa yakashika kutu, yakavuja. Kaa wa kijitoni wakaelea matumbo juu. Bi Mwanvita akaanza kukohoa, akakonda, akaanguka kitandani. Kilichomuua hatukijui, kwa sababu hakuna aliyepima. Hata maji hakuna aliyeyapima.

Sabra alisimulia jambo moja msibani, na mimi tangu hapo sijalala vizuri. "Tuliteremka mpaka Kilakala, kule mjini, na madumu," alisema, "kuomba maji ya kumwoshea mama. Na kijito kiko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake."

Pole sana Mzee Yusuph. Pole Sabra, poleni ukoo mzima. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanvita. Na sisi tuliokuwa tukimwona kila Jumatatu akipita na kanga yake yenye vumbi, tukamsalimia tukaendelea na shughuli zetu, tujiulize vizuri leo.

Nawe bwana mkubwa wa mchakato, kama redio iko wazi hapo ofisini, nisikilize. Shamba lile sasa ni la Sabra, kwa haki ya mama yake. Jumatatu anakuja mlangoni kwako. Na mkeka anao.