Tivaevae ya Tepaeru Iuzwe au Isiuzwe

Benchi letu liko mbele ya duka la vitambaa hapa Avarua, Visiwa vya Cook. Wake zetu wakiingia kuchagua nyuzi, sisi tunakaa nje na kahawa kurekebisha dunia. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: Tuakana tunayemwita Jaji, maana aliwahi kulinda geti la mahakama, Ngametua, tunayemwita Spika kwa kupenda kuongea, na mimi Kapteni, niliyezunguka bahari zote nikimenya viazi jikoni mwa meli. Akatukuta Dokta Solveig, mtafiti wa maadili ya biashara ya vitambaa vya mkono, na kinasa sauti chake. Hoteli inataka kununua tivaevae, lile shuka la viraka vya maua, anayoshona mke wangu Tepaeru, iitundike ukutani, na jibu linatakiwa leo. Dokta akatuuliza: je, ni haki kuuza kitu ambacho ninyi hupeana tu, harusini na msibani?

Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kushika sindano, tulijibu papo hapo.

Jaji akasema mwenye mali ni aliyechora maua. Spika akasema ni wote waliokaa kushona, hata waliokuja kula tu, kwa hiyo yeye ana pembe moja. Jaji akabadili msimamo, akadai pembe ya pili.

— Tatizo lenu hamjatembea, nikawaambia. Mimi nimeona bandarini watu wakiuza mpaka nguo za watakatifu. Kitambaa ni kitambaa. Auze.

— Umelinasa hilo, Dokta? Spika akauliza.

— Nimelinasa.

Nikakaa vizuri, tumbo ndani.

Tepaeru akatoka dukani na uzi mwekundu. Kumbe alikuwa anatusikia.

— Kwa hiyo niuze, Papa?

— Uza, mama. Tusizuie maendeleo.

— Haya. Ila ile ni ya kukufunika wewe. Niliianza ulipougua kifua. Sasa tukuzike na nini?

Jaji akaangalia barabara. Spika akachungulia kikombe chake. Dokta akanisogezea kinasa sauti.

— Usiuze, nikasema.

— Kwa msingi gani wa kimaadili? Dokta akauliza.

— Wa baridi, dada yangu. Kule chini kuna baridi.

— Andika hivyohivyo, Tepaeru akamwambia, akatia uzi kikapuni, akashika njia ya nyumbani.