Milimita Nane za Dada Yetu

Kwa jina la Mola aliyetuumba na ambaye kwake tutarejea, mimi kaka yake mkubwa nasimama kwa niaba ya watoto wa marehemu baba yetu seremala na marehemu mama yetu mshonaji, kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Darubini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, sekondari mwaka 1976, na chuo cha maabara mwaka 1979, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, akikata vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa na kuvisoma kwa darubini. Tarehe 18 Desemba 1983 aliolewa na shemeji yetu fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu.

Juni 2014 aligundulika kuwa na saratani ya ulimi, akafanyiwa upasuaji tarehe 9 Julai, kipande kikapelekwa katika maabara yake mwenyewe, na mtaalamu ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kazi akaandika kwamba uvimbe ulizama milimita tatu, hivyo daktari akaona shingo isiguswe. Marehemu, aliyejua kuwa kadiri uvimbe unavyozama ndivyo hatari ya kufika kwenye tezi za shingo inavyoongezeka, aliomba aione sampuli, akakuta kidonda kimebonyea katikati, na mwanafunzi wake amepima kuanzia chini ya bonde badala ya usawa wa ngozi ya kando isiyo na ugonjwa. Kwa kuwa baada ya upasuaji hakuweza kusema, alimwandikia kwenye karatasi, akimwuliza kama kwao shimo hupimwa na mtu aliyekaa ndani yake. Mwanafunzi alicheka huku machozi yakimtoka, akapima upya, zikawa milimita nane, na shingo ilipopasuliwa tarehe 30 Julai, tezi mbili zilikutwa na ugonjwa.

Alirudi kazini hadi alipostaafu mwaka 2018, akiacha utaratibu wa kila ulimi kupimwa na watu wawili, na kwa matamshi yake mazito alipenda kutuambia kuwa ulimi umepunguzwa lakini maneno yamebaki yote, shemeji yetu ni shahidi.

Alifariki tarehe 27 Agosti 2023 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 65.

Tunamshukuru daktari aliyekubali kusahihishwa na mgonjwa wake, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mwanafunzi yule, ambaye leo ndiye mkuu wa maabara.

Pumzika kwa amani, dada, umetuheshimisha; nanyi mliotusikiliza, Mola awajalie afya, na siku ya shida awape mtu asiyeona haya kupima mara ya pili.