Bati Moja la Nyamoita

Lori la soko lilipotoka Migori kwenda Kegonga, Nyamoita alipanda na bati moja jipya, akalikumbatia kama mgeni wa heshima. Beverlyne, muuza samaki wadogo wa omena aliyekalia gunia lake, alishindwa kujizuia. "Dada, bati moja litaezeka nini? Si uweke pesa kwa simu, ununue yote pamoja?"

"Pesa ya simu ina shemeji wengi," Nyamoita akajibu. "Bati nani atalikopa? Nikifika tu nang'oa nyasi, napigilia."

"Nyumba nusu bati, nusu nyasi?"

"Kwa watoto hapavuji tena, na mimi nalala huko. Hili ni la jikoni. Upande wa mzee utakuwa wa mwisho. Si yeye ndiye anapeleka pesa kwa kamari?"

Wanaume wote ndani ya lori wakaanza kutazama barabara.

"Haki wewe ni mkali! Mume ananyeshewa kama mbuzi?"

"Mbuzi wangu hanyeshewi. Alipata bati mwezi uliopita."

Beverlyne alicheka mpaka akashika gunia. "Atakuacha, nakwambia!"

"Aende na nyasi zake."

Lori likasimama Kegonga. Nyamoita akajitwika bati lake, akatazama mawingu, akaongeza mwendo.