Binti Asiye na Bendera

Cresensia alikuwa amefumba macho akiomba basi limfikishe Wasso akiwa usingizini, lakini mazungumzo ya siti ya mbele yakamkosesha raha. Leonce, kijana anayetembeza watalii Karatu, alikuwa akimwonyesha mzee wa Kimaasai mashindano ya sataranji, yaani chesi, yaliyokuwa yakirushwa moja kwa moja kwenye simu.

"Mwone huyu dada," Leonce alisema. "Wenzake wote wana bendera ya nchi pembeni ya jina. Yeye hana. Alikosana na wakubwa wa mchezo kwao, sasa anacheza bila nchi. Na amewapiga mpaka kafika fainali!"

"Ni wa ukoo gani?" mzee aliuliza, kama anavyomuuliza kila mgeni kabla hajamkaribisha maziwa.

"Mzee, huko hawaulizani ukoo. Yuko huru."

"Yuko peke yake." Mzee akaisogelea simu, sauti ikashuka. "Mwenzake ana nchi nzima nyuma yake. Huyu hana hata wa kumwambia pole. Na mkono hautetemeki!"

Cresensia, ambaye hata drafti hajui, akajikuta amesimama anachungulia. Mkono ule mwembamba ulikuwa ukisogeza kete nyeusi, taratibu, kama mama anayemfunika mtoto shuka. Basi zima, yaani watu watatu, likainamia simu. Mtandao ukakatika.

Njia panda ya Endulen basi likasimama. Mzee akashuka na fimbo yake, kisha akagonga dirisha la Leonce kwa nje.

"Yule binti akiulizwa tena ukoo wake, mwambie aseme yeye ni Laizer, kama mimi."

"Lakini mzee, mimi simjui!" Leonce alisema.

"Hata mimi simjui," mzee alisema. "Wewe mwambie."