Mwalimu Evodia Damiani Ntandu, Aliyekwenda Kuuliza Mwenyewe

Mwalimu Evodia alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Mungaa, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Damiani Ntandu na Mama Elizabeti. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kuamini maneno matupu. Akiambiwa kuku ametaga, alikwenda kuliangalia yai.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, baba alirudi nyumbani akasema, "Jina lako halimo." Evodia aliona baba anasema hayo huku akivua viatu, amempa mgongo, na moyo wake ukakataa. Asubuhi alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba aoneshwe karatasi. Jina lake lilikuwa la pili. Aliporudi hakugombana na mtu. "Shikamoo baba," alisema. "Nimeliona jina langu." Wiki iliyofuata Mzee Damiani alimletea sanduku la bati la kwendea shule. Evodia alimaliza kidato cha nne mwaka 1980, na mwaka 1982 akahitimu ualimu Daraja la A.

Mwaka 1986 Anselm Mughanga, fundi seremala wa Manyoni, alileta barua ya posa. Jibu lilichukua miezi saba. Baadaye sana Anselm aligundua kwamba mchumba wake alikuwa ameshafika kwao mara mbili, akijifanya anatafuta mbegu za karanga, huku akiwauliza majirani kama kijana yule hana mke mwingine. Ndoa ilifungwa tarehe 24 Oktoba 1987. "Nilioa mpelelezi," Mzee Anselm husema, "na sijajuta."

Mwalimu Evodia alifundisha Mkalama miaka kumi na mitatu, kisha mwaka 1996 akahamia Unyambwa, akashika darasa la kwanza na la pili hadi alipostaafu Machi 2022. Mtoto akikosa shule siku mbili, siku ya tatu Mwalimu alikuwa kwao. Si kila mzazi alifurahi. Wapo waliosema anachungulia vyungu vya watu, na wapo walionong'ona maneno mabaya zaidi. Yalimfikia, yakamuuma, lakini hakuacha kwenda.

Mwaka 2009 Stumai, wa darasa la pili, aliacha kuonekana shuleni. Mama yake, Rebeka, alisema mtoto kaenda kwa bibi yake Itigi. Mwalimu aliitikia, akaaga. Akitoka uani aliliona gauni la Stumai kwenye kamba, bado linachuruzika maji. Njia nzima aliwaza mabaya: pengine mtoto kapigwa, pengine kuna mtu mle ndani anamtesa.

Kesho yake alirudi. Rebeka alisimama mlangoni.

"Mwalimu, unatafuta nini kwetu?"

"Namtafuta Stumai."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

Hakukaribishwa. Alichukua ungo uliokuwa uani, akakaa chini, akaanza kupepeta mtama. Siku ya pili akafanya vile vile. Siku ya tatu kishindo kikasikika ndani. "Usiingie!" Rebeka alipiga kelele. "Utakwenda kutangaza!" Mwalimu aliingia. Stumai alikuwa sakafuni, mwili unatetemeka, povu mdomoni. Kilikuwa kifafa. Alimlaza mtoto ubavu, akambembeleza mpaka akatulia. Kumbe nyumba ile haikuwa na mkatili. Ilikuwa na mama aliyeogopa mwanawe atachekwa.

"Nilikudhania vibaya," Mwalimu alimwambia.

"Hata mimi," Rebeka akajibu. "Nilikudhania hivyo hivyo."

Walimpeleka hospitali pamoja, akaanzishiwa dawa. Baada ya mwezi mmoja Stumai alirudi darasani, akawekwa karibu na meza ya Mwalimu. Leo ni fundi cherehani Mandewa, na yupo hapa pamoja na mama yake.

Maradhi yalimwanza Septemba 2024. Vipimo vilipotoka, binti yake mkubwa alimwambia ni vidonda vya tumbo. Mwalimu alimtazama. "Scholastika, siku zote ukisema kweli unaangalia chini. Leo mbona unanikazia macho?" Scholastika akalia, akasema ni saratani ya kongosho. Mama akamshika mkono. "Haya," akasema, "sasa tunaweza kuzungumza." Walizungumza miezi minane.

Siku mbili kabla ya kifo chake, katekista Antipasi alifika kusali naye, akamhakikishia kwamba anakokwenda ni kuzuri.

"Umefika?" Mwalimu akauliza.

Antipasi alicheka, akafikiri kidogo. "Sijafika, Mwalimu. Ninaamini tu."

Mwalimu Evodia alimwangalia usoni kama alivyokuwa akiwaangalia watoto wake wa darasa la kwanza. Kisha akafumba macho. "Wewe sijawahi kukukuta na uongo," akasema. "Nami naamini."

Alifariki dunia nyumbani kwake Mandewa, Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ameacha mume, Mzee Anselm, watoto watatu, Scholastika, Joshua na Eliana, wajukuu watano, na mdogo wake Hezekia, anayewasomea wasifu huu.

Dada, kapumzike. Amani ya Bwana ikupokee.