Karani Aliyeuliza "Vyombo Gani?"

Leo, tarehe 30 Septemba 1913, Mzee Yahaya bin Khamisi anastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka ishirini na mmoja. Boma limemuaga kwa barua ya mistari mitatu. Jina lake halimo. Imesema tu kwamba "karani mzee" aache kazi na arudishe funguo. Kwa kuwa hakuna mkubwa aliyeona haja ya kusema zaidi, sisi makarani na matarishi tumekusanyika nyumbani kwa tarishi Marko ili tumuage wenyewe. Mimi, Silvano, karani wa pili, nimeombwa niandike habari zake na kuzisoma. Nimeandika niliyoyaona. Atakayekasirika, na akasirike.

Mzee Yahaya ni mtu wa Busi, upande wa Kondoa. Alijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu katika chuo cha Kurani kwao, na mwaka 1892 akapata kazi ya kunakili barua hapa Mpwapwa. Siku hizo barua za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi hizo, na salamu peke yake zilijaza nusu ya karatasi. Serikali ilipotaka herufi za Kizungu, makarani wengi wa zamani walirudi makwao. Yeye alikwenda kwa Bartolomayo, mwalimu wa misheni, akaketi benchi moja na watoto wa miaka saba, na ndevu zake. Bartolomayo alipenda kusimulia kwamba mwanafunzi huyo ndiye pekee aliyemrekebisha mwalimu, tena kwa adabu kiasi kwamba mwalimu aligundua kesho yake.

Mimi nilifika hapa bomani mwaka 1904, nikijiona msomi. Barua yangu ya kwanza kwa jumbe mmoja, mkuu wa kijiji, ilikuwa na maneno makubwa mengi, na ilimtaka "alishughulikie jambo lile bila kukawia." Mzee Yahaya aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Jambo lipi, Silvano? Jumbe ana mambo mia." Nikamwambia atajua mwenyewe. "Na asipojua, nani atapigwa?" akauliza. Niliiandika upya. Nilidhani ananitania. Miaka miwili baadaye nilielewa kwamba hakuwa akinitania hata kidogo.

Ilikuwa Desemba 1906. Bwana Shauri, ofisa anayesimamia mashauri na barua za vijijini, alitaka watu wa kufyeka barabara kabla mvua hazijaiharibu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mwandikie Jumbe Matonya. Watu arobaini waje bomani upesi na vyombo vyao."

Mzee Yahaya aliinua kalamu. "Vyombo gani, bwana?"

"Andika nilivyosema. Hukuajiriwa kuuliza."

Akaandika. Mimi nilikuwa meza ya pili, nikasikia yote.

Kijiji cha Jumbe Matonya kiko Ugogo, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Barua ilisomwa na Nikodemo, msomaji wa misheni kule, na hakukosea hata neno moja. Wazee walijadiliana nusu siku nzima. Kwao chombo ni chungu, ni kibuyu, ni kinu. Wengine walidhani kuna wageni wengi wa kupikiwa, wengine wakahofia kwamba kijiji kinahamishwa. Basi wakaja watu arobaini, wanaume kumi na tisa na waliobaki wanawake, kwa sababu barua ilisema "watu." Walibeba vyungu, vibuyu na mawe ya kusagia. Tereza, mke wa jumbe, alikuja na kinu kichwani kutoka kwao mpaka hapa uwanjani.

Hapakuwa na jembe hata moja, wala shoka.

Bwana Shauri alisema wanamfanyia mzaha. Hakuuliza swali. Wanaume wote kumi na tisa walilazwa chini wakapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kila mmoja, mbele ya wake zao. Jumbe Matonya, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa wa kwanza. Mvua ya kupandia ilinyesha siku tatu baadaye, na wale wanaume walikuwa bado wamelala kifudifudi majumbani mwao. Mashamba yao yalipandwa nusu.

Asubuhi baada ya viboko, Bwana Shauri aliagiza barua ya pili: ng'ombe sitini wa kijiji kile wachukuliwe kwa kosa la dharau. Safari hii Mzee Yahaya hakuandika. Aliiweka kalamu mezani, akasimama.

"Sitaiandika, bwana, mpaka ile ya kwanza isomwe tena."

Kwa bahati Bwana Mkubwa, mkuu wa boma, alikuwa amerudi safari asubuhi ile, naye alisikia sauti zikipanda. Aliingia akauliza kuna nini. Mzee Yahaya alifungua daftari la nakala akamsomea barua ile, maneno yake machache kama yalivyokuwa. Kisha akaomba waitwe watu watatu wasiojua habari yoyote: mpishi, fundi mwashi na askari wa zamu. Aliwauliza mmoja mmoja, "Ukiitwa uje na vyombo vyako, utaleta nini?"

"Sufuria na visu," alisema mpishi.

"Mwiko, nyundo na timazi," alisema fundi.

Askari alisimama wima. "Bunduki, bwana."

Bwana Mkubwa alimwambia Bwana Shauri ng'ombe wale wasiguswe, kisha akatoka. Barua ya ng'ombe haikuandikwa, na kijiji kile kinakunywa maziwa mpaka leo kwa sababu karani mmoja aliiweka kalamu chini.

Wengi hukisimulia kisa hiki na kuishia hapo, kana kwamba mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Hakuna aliyetumwa kuwaambia wale kumi na tisa kwamba hawakukosa. Bwana Shauri hakuguswa. Mzee Yahaya aliomba ruhusa ya siku tano, akaenda kwa miguu, akaketi mbele ya nyumba ya Jumbe Matonya na kusema, "Barua ile niliiandika mimi. Niliona kasoro, nikauliza mara moja, nikanyamaza. Nimekuja kuomba radhi."

Matonya alikuwa bado analalia ubavu. Tereza ndiye aliyejibu. "Basi mkono huohuo uandike kwamba hatukukosa."

Aliandika palepale, akaweka jina lake na tarehe. Karatasi hiyo wanayo hata sasa. Habari zake zilipofika bomani, Mzee Yahaya aliondolewa mezani akapelekwa ghalani kupanga ngozi za ng'ombe. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Aliyeuliza swali alipelekwa kwenye ngozi. Aliyekataa kulijibu alibaki na kiti chake. Na mimi niliyesikia kila neno niliendelea kuandika nilichoambiwa, kwa sababu niliogopa. Nalisema hilo mbele yake leo, maana sikuwahi kulisema.

Mwaka 1910 reli ilifika Dodoma, na barua zikawa nyingi kupita uwezo wetu. Tulikosea siku, tulikosea idadi, tulikosea majina ya vijiji. Ndipo walipokumbuka kwamba kuna mtu ghalani. Hawakumrudisha kwa haki. Walimrudisha kwa shida. Alikubali kwa sharti moja: hakuna barua ya kijijini itakayopigwa muhuri kabla haijasomwa kwa mtu asiyejua inahusu nini. Akiuliza swali, barua iandikwe upya. Alitufundisha kwamba barua iseme nani anaitwa, wangapi, walete nini kwa jina lake, siku gani, na wafanye nini wakishindwa kuja. Marko na matarishi wenzake wamesikiliza barua nyingi sana kwa njia hiyo. Watu wa vijijini bado wanapigwa kwa sababu nyingine, siwezi kusema uongo, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyepigwa kwa sababu ya barua iliyotoka kwenye meza yetu.

Mwaka jana masharti hayo yalipigwa chapa, yakabandikwa ukutani, na nakala zikapelekwa kwenye maboma mengine. Chini yake kuna sahihi ya Bwana Shauri. Nimeyasoma. Hata mfano ni uleule, "majembe thelathini na mashoka kumi," ambao Mzee Yahaya alinitajia mimi, nikauandika kwa mkono wangu. Mtu aliyekataa kusema neno moja sasa anasifiwa kwa kuandika waziwazi. Huo ni wizi, na sina jina jingine la kuuita.

Nilipomwonyesha karatasi hiyo, mwenyewe aliisoma mpaka mwisho akasema, "Mradi wanaifuata." Mimi sijafika huko. Labda nikifikisha miaka yake nitafika.

Mzee Yahaya anaondoka Jumamosi kwenda Busi, ambako mkewe, Mama Mwajabu, amekwisha kumtayarishia shamba la mtama na orodha ndefu ya mambo yaliyoharibika nyumbani. Tunamshukuru Mama Mwajabu kwa kutuazima mume wake miaka yote hii.

Mzee wetu, asante kwa kila barua uliyoturudishia. Tunakuombea mvua ya kutosha, afya, na majirani wema. Mimi leo asubuhi nimeletewa barua ya kunakili, inayomwita jumbe mmoja aje na "watu wa kutosha." Imo mfukoni mwangu, sijaiandika. Kesho nitagonga mlango wa Bwana Shauri nimuulize ni watu wangapi, na sitaondoka mlangoni kabla hajanijibu.